Chumvi ya Bonde la Jimi

Msomaji, ukipata nafasi ingia jikoni kwenu uitazame pakiti ya chumvi. Usishughulike na picha yake. Soma maandishi madogo ya ubavuni. Utakuta imeandikwa kwamba chumvi hiyo imetiwa iodini. Yamkini umeila tangu utotoni bila kuuliza iodini ni kitu gani, wala kwa nini serikali ijishughulishe na kijiko cha mama yako. Huenda waijua kwa sura nyingine, yaani ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo hupakwa penye jeraha, na mtoto akapiga kelele. Ni kitu kile kile. Walakini kazi yake kubwa si vidonda, wala habari nitakayokusimulia si ya vidonda. Yahusu wanawake waja wazito, watoto waliokuwa bado tumboni mwa mama zao, na bonde moja la milimani katika kisiwa cha New Guinea.

Nitaanza mbali kidogo, ila sitakaa huko. Mwaka 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti ya majeshi ya Napoleon. Katika kazi hiyo alitumia majivu ya mwani wa baharini. Siku moja akazidisha tindikali katika masalio ya majivu yale, mara akaona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda, kisha ukaganda penye ubaridi na kuwa chembe nyeusi zenye kung'aa. Hiyo ndiyo iodini. Mwaka 1820 tabibu wa Geneva, Jean-François Coindet, alianza kuwapa wagonjwa wa rovu dawa iliyotengenezwa kwayo. Rovu ni ule uvimbe wa shingo ambao wazee wetu wa nyanda za juu waliujua vyema. Tangu kale matabibu wa Ulaya walikuwa wakiutibu uvimbe huo kwa sifongo ya baharini iliyochomwa, naye Coindet akakisia kwamba nguvu ya dawa ile ya kikale ilikuwa ni iodini iliyomo ndani yake. Alikisia sawasawa. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19, Mjerumani Eugen Baumann aliikuta iodini ndani ya tezi yenyewe ya shingo, na hapo sababu ikaanza kujulikana.

Tezi hiyo imekaa chini ya koo, imetandaza mabawa yake mawili kama kipepeo. Kazi yake ni kuchukua iodini kutoka katika damu na kuitengenezea homoni, nazo homoni hizo huuamrisha mwili ukue, upate joto, na ubongo ujijenge. Tezi ikikosa iodini haikati tamaa. Hujitutumua, huongeza nyama, ikitumaini kwamba ikiwa kubwa itanasa hata kidogo kinachopita. Kwa hiyo rovu ni tezi inayotafuta kitu isichokipata.

Mahitaji yenyewe ni madogo mno. Mtu mzima ahitaji kadiri ya mikrogramu 150 kwa siku, na iodini yote aihitajiyo tangu kuzaliwa hata uzee haijazi kijiko kimoja cha chai. Lakini haiwezekani kunywa kijiko hicho mara moja na kumaliza deni. Lazima ije kidogo kidogo, kila siku. Nayo haikugawanywa sawa duniani. Nyingi imo baharini. Katika milima, mvua na barafu za maelfu ya miaka zimeiosha kutoka katika udongo na kuichukua mitoni. Chakula kiotacho penye udongo huo chaweza kuwa kizuri machoni na kitamu mdomoni, lakini iodini hamna, wala hapana ulimi uwezao kuonja upungufu huo. Ndiyo maana rovu ilikuwa jambo la kawaida katika milima ya Alps, ya Himalaya na ya Andes, na ndiyo maana nakupeleka sasa katika milima ya New Guinea.

Kisiwa hicho kipo kaskazini ya Australia. Nusu yake ya mashariki ilitawaliwa na Australia mpaka tarehe 16 Septemba 1975, ilipopata uhuru ikawa nchi ya Papua New Guinea. Kwa miaka mingi wageni waliokaa pwani walidhani kwamba katikati ya kisiwa hapana kitu ila milima mitupu na mawingu. Katika miaka ya 1930 wachimba dhahabu, miongoni mwao Michael Leahy na ndugu zake, walipanda huko, wakakuta mabonde mapana yaliyolimwa vizuri, yenye mifereji na nyua, na watu kwa mamia ya maelfu ambao ulimwengu wa nje haukuwa na habari zao. Watu hao walilima viazi vitamu na magimbi, wakafuga nguruwe. (Sipendi kusema kwamba nchi hiyo "iligunduliwa". Wenyewe walikuwako maelfu ya miaka, wala hawakuwa wamepotea.)

Walikuwa na chumvi yao pia, na hapa nakuomba usikilize kwa makini. Mtu wa milimani aliyekuwa mbali na bahari hakuwa na njia ya kupata chumvi ya bahari. Katika sehemu nyingine za milima hiyo watu walichoma majani na magogo, wakachuja majivu; katika sehemu nyingine walitafuta chemchemi zenye maji ya chumvi, wakayakausha maji kwa moto mpaka chumvi ikabaki. Jambo hili si geni kwetu. Msomaji wa magharibi ya Kenya ajua maji ya majivu ambayo bibi huyachuja kwa kupikia mboga, na watu wa Uvinza, Katwe na Kibiro waliuza chumvi mbali sana kabla ya kuwapo maduka. Katika milima ya New Guinea chumvi ilikuwa mali. Ilifungwa kwa majani ikabebwa bonde hata bonde. Wamaring wa bonde la Simbai waliibadilisha kwa mashoka ya mawe yaliyochongwa upande wa bonde la Jimi, nayo mashoka hayo yalifyekea mashamba na kulipia mahari.

Bonde la Jimi lipo kaskazini ya bonde kubwa la Wahgi. Nchi yake ni misitu na miteremko mikali, na serikali ya Australia haikulifikia kwa uthabiti ila katika miaka ya 1950. Serikali ilipofika ilileta mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaogopa: mashoka ya chuma, na chumvi ya dukani. Chumvi hiyo ilikuwa nyeupe, safi, rahisi kubeba, na ililipwa kwa watu waliofanya kazi au walioleta chakula kituoni. Ni nani angekesha akikoka moto kando ya chemchemi, na chumvi nzuri kuliko ile ipo kituoni? Na ni nani angebadilisha chumvi yake kwa shoka la jiwe, hali shoka la chuma lipo? Katika miaka michache biashara ya kale ilikufa. Chumvi ile mpya haikuwa na iodini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana wa serikali, Peter Pharoah, alikwenda kufanya kazi katika bonde hilo. Alikuta watu wengi wenye rovu, na hilo lilitazamiwa. Lakini alikuta pia jambo la kuhuzunisha zaidi: watoto wadogo wengi kupita kiasi waliokuwa viziwi wasioweza kusema, wenye makengeza, miguu imekakamaa hata hawatembei au hutembea kwa kuyumba, na akili iliyodumaa. Madaktari huwaita kretini. Mtoto wa namna hiyo hakupatwa na ugonjwa baada ya kuzaliwa. Alizaliwa hivyo, na hapana dawa iwezayo kumrudishia kile alichokikosa. Ajabu nyingine ni kwamba watu wazima wenye hali hiyo walikuwa wachache. Wenyeji walisema kwamba zamani watoto kama hao hawakuwako kwa wingi huo.

Watu wazima wanapodai kwamba mambo yameharibika tangu zamani, vijana huwa hawasadiki. Daktari huyu alisadiki, walau alilishika neno hilo akalichunguza. Baada ya miaka kadhaa, mwaka 1974, yeye pamoja na daktari mwenzake, R. W. Hornabrook, waliandika katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet kwamba maradhi hayo katika bonde la Jimi yalianza hivi karibuni, katika zama zile zile za kufika kwa serikali. Hoja iliyotolewa ni kwamba chumvi ya kale ilikuwa na iodini ya kuwatosha walio wengi, na kwamba badala yake ilikuja chumvi isiyo nayo. Wanawake waliochukua mimba baada ya mabadiliko hayo ndio waliolipa. Wala hawakujua kuwa wamelipa, kwa maana mwanamke aliyepungukiwa na iodini aweza kulima, kupika, kucheka na kubeba mimba yake hata mwisho bila kuhisi kitu.

Lakini mwaka 1966 hayo yote yalikuwa bado ni mashaka. Ilijulikana kwamba iodini huponya rovu. Katika rasi ya Huon, mashariki ya kisiwa hicho hicho, daktari S. F. McCullagh alikuwa amewadunga watu sindano ya mafuta yaliyotiwa iodini, nayo sindano moja ilidumu mwilini miaka mingi ikawapunguzia uvimbe. Hiyo ilikuwa busara kubwa kwa nchi isiyo na barabara: usimpelekee mtu chumvi kila wiki, mpelekee sindano moja kwa miaka mitatu au minne. Walakini je, iodini huzuia ukretini pia? Wengi hawakuwa na hakika. Wengine walisema ni urithi wa damu, au ni matokeo ya watu wa koo za karibu kuoana. Wengine walikumbusha kwamba katika nchi kadhaa za Ulaya ukretini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla chumvi haijatiwa iodini.

Basi Pharoah, pamoja na Ian Buttfield na Basil Hetzel wa Australia, waliamua kupata jibu. Walichukua madaftari ya serikali yaliyoandikwa watu wa kila kijiji, jamaa kwa jamaa. Jamaa ya kwanza ikadungwa mafuta yenye iodini, ya pili ikadungwa maji ya chumvi matupu, ya tatu mafuta, ya nne maji, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa daftari. Kila upande ulipata kadiri ya watu 8,000. Kisha wakangoja watoto wazaliwe.

Kila nisomapo habari hii mimi husimama hapa. Naiona safu ya akina mama penye kibanda cha mganga, kila mmoja akinyosha mkono, na jina lake tu katika daftari ndilo linaloamua atapewa nini. Utasema pengine kwamba haikuwa haki, na sitashindana nawe. Leo jaribio la namna hiyo lingeulizwa maswali mengi sana kabla halijaruhusiwa: je, wanawake wale walielezwa? Je, walikubali wakijua? Lakini na lile la pili lazima lisemwe. Wakati ule hapana aliyejua kwa hakika, na pasipo ujuzi wa hakika serikali nyingi hazikuwa tayari kutoa fedha. Mambo yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa historia ayachukue yote mawili. Asitupe moja ili mzigo uwe mwepesi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1971. Katika watoto 534 waliozaliwa na mama waliopewa maji matupu, 26 walikuwa kretini. Katika watoto 498 wa mama waliopewa iodini, walikuwa 7. Tofauti hiyo peke yake yatosha. Lakini yatazame vizuri majina ya wale saba, maana humo ndimo iliyofichwa siri yenyewe: katika hao saba, sita mama zao walikuwa tayari wana mimba siku walipodungwa sindano. Iodini iliwafikia, ila ilichelewa. Mtoto alikuwa ameanza kujengwa bila chokaa, na nyumba haikungoja.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba saa ya hatari ni miezi ya mwanzo, wakati ambapo mwanamke mwenyewe pengine hajajitambua. Katika majuma kumi au kumi na mawili ya kwanza tezi ya mtoto haijaanza kazi. Homoni zote zinazouongoza ubongo wake hutoka kwa mama. Mama akiwa na kidogo, mtoto hupata kidogo. Mama akikosa kabisa, masikio na ubongo na mishipa ya miguu hujengwa kwa upungufu ambao hauwezi kujazwa baadaye, hata mtoto akila samaki wa bahari kila siku ya maisha yake. Hata tezi ya mtoto ianzapo kufanya kazi, iodini yake yatoka kwa mama yule yule. Kwa hiyo siku hizi mwanamke mja mzito ashauriwa apate mikrogramu 250 kwa siku, si 150. Upungufu huo huleta mengine pia: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa amekufa, au kufa akiwa mchanga. Katika bonde la Jimi watoto wa akina mama waliopata iodini walifuatwa miaka mingi, ikaonekana kwamba walionusurika kufikia ujana walikuwa wengi kuliko wenzao.

Likafuata jambo ambalo kwa maoni yangu lazidi yote kwa uzito. Watafiti waliwarudia watoto wale walioonekana wazima kabisa, wanaosikia, wanaosema, wanaokimbia. Wakawapa shanga watunge katika uzi, na vijiti wavitie katika matundu, wakapima wepesi wa mikono yao. Habari hizo zilichapwa mwaka 1979. Watoto wa akina mama waliopata iodini walikuwa wepesi kuliko wa wale waliopewa maji. Fahamu maana yake, msomaji. Kumbe wale 26 walikuwa ni vilele tu vya mlima ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya ukungu. Kijiji kizima chaweza kupungukiwa, kila mtoto kidogo, wala pasiwepo mtu wa kulifahamu jambo hilo, kwa sababu hapana mtoto wa kumlinganisha naye. Mimi ni mwalimu, na jambo hili limenifanya niwe mwangalifu sana na neno "mvivu".

Nikivuka kutoka huko kuja kwetu, mahali pa kwanza pa kusimama ni kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, upande wa Kongo, ambako Kiswahili chasemwa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji, akiwamo François Delange, walistaajabu kuona kwamba kaskazini ya kisiwa watu wenye rovu walikuwa wengi sana, na kusini magharibi wachache, hali iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Uchunguzi uliwafikisha kwenye muhogo. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha una sumu ambayo mwili huigeuza, na kile kitokacho humo huizuia tezi isiinase hata ile iodini kidogo iliyopo. Makretini wa Kongo walikuwa na sura tofauti na wale wa New Guinea: wafupi mno, ngozi kavu, uso umevimba. Muhogo peke yake hauna lawama, na akina mama wanaouloweka siku kadhaa wanafanya kazi ambayo kemia imekuja kuithibitisha baadaye sana.

Dawa ya jumla ya mambo haya ilikuwa imejulikana zamani. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924. Ilichukua muda mrefu mno kwa wengine. Mwaka 1983 Hetzel alipendekeza kwamba watu waache kuzungumza juu ya rovu peke yake, waseme maradhi ya upungufu wa iodini, ili macho yaondoke shingoni yaende kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1990 wakuu wa nchi waliokutana New York kwa ajili ya watoto wa dunia waliazimia kuuondoa upungufu huo. Katika Kenya sheria yataka chumvi ya mezani itiwe iodini, na ile inayovunwa penye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, hutiwa kabla haijafungwa katika pakiti. Ajabu ni kwamba chumvi ya bahari yenyewe huwa na iodini kidogo sana. Bahari huitunza kwa samaki na mwani, si kwa chumvi. Jirani zetu wa Tanzania huiita madini joto. Nyumbani ifunikwe, isiachwe wazi penye unyevu, kwa maana iodini hutoroka.

Papua New Guinea nayo, mwaka 1995, ilikataza kuuza au kuingiza chumvi isiyo na iodini. Katika miji na katika vijiji vilivyo karibu na barabara sheria hiyo ilifanya kazi nzuri. Lakini wachunguzi waliokwenda baadaye katika sehemu za mbali, kama vile milima ya jimbo la Gulf, walikuta wanawake na watoto ambao bado wamepungukiwa. Si kwamba chumvi ya dukani ilikuwa mbaya. Ilikuwa haifiki, au ilinunuliwa kidogo sana, kwa kuwa hapana fedha. Huko hapana barabara. Chumvi huja mgongoni mwa mtu, kwa njia za miguu zinazofanana na zile ambazo Wamaring walipitisha chumvi yao, imefungwa kwa majani, kwenda kununua shoka.